Siku Enesi Alipomlipizia Tobi

Enesi alikuwa ndani ya gauni jekundu la kitenge siku mbwa wake mchanga, Tobi, alipomponyoka na kuruka tenga la nyanya katikati ya foleni ya malori pale Tunduma. Kijana mrefu mwenye sare za ulinzi akamdaka.

"Huyu anaruka! Ana miezi mingapi, dada?"

"Saba. Yaani mbwa unamuuliza umri, mwenyewe hata salamu hunipi?"

Aliitwa Ayoub, na kazi yake ilikuwa kufundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi kuruka vizuizi. Akaanza kumfundisha na Tobi, kwenye majani laini. Kwanza fito ililazwa chini, kisha ikapanda kidogo, imeegeshwa tu ili ikiguswa idondoke.

"Asiruke juu mpaka afikishe mwaka, mpenzi. Mifupa yake bado."

Upole ule ndio uliommaliza Enesi. Alipokwenda Ileje kumwona mama yake, akamwachia Ayoub amtunze Tobi, bila wasiwasi. Siku ya pili simu ikaita.

"Mpenzi, Tobi kagongwa na bodaboda. Mguu umevunjika."

Enesi alilia, tena akambembeleza Ayoub asijilaumu. Wiki mbili baadaye rafiki yake Priska, anayebadilisha fedha mpakani, akamweleza alichokiona kwa macho yake: Ayoub akimlazimisha Tobi kuruka fito ya kufika kiunoni, juu ya saruji, madereva wakimpigia makofi, mpaka mbwa akatua vibaya.

Enesi hakumuuliza kitu. Simu alipokea, "ndiyo mpenzi" aliitikia. Lakini alitaka Ayoub naye aumie.

Siku ya mashindano ya mbwa wa ulinzi alijitolea kupanga vizuizi, na fito ya mwisho akaikaza kwa waya. Malkia, mbwa wa Ayoub, angeipiga kwa kasi na kuvunjika mguu. Lakini Malkia alipopita kwenda kuanza, alimlamba mkono.

"Mshenzi ni yeye, siyo wewe," Enesi akanong'ona, akaufungua waya.

Malkia akashinda. Ayoub akashika kipaza sauti, akapiga magoti.

"Enesi, nikuoe?"

Vigelegele uwanja mzima. Enesi akakichukua kile kipaza sauti.

"Kwanza waambie Tobi alivunjikaje mguu."

"Si nilikwambia ni bodaboda, mpenzi…"

"Priska yule pale. Sema."

Ayoub akainamisha kichwa. "Nilimrusha fito ya juu kwenye saruji. Nilikuwa najionyesha. Halafu nikakudanganya."

Bosi wake akamnyang'anya kikombe cha ushindi, akamwambia Jumatatu asije kazini. Tusifichane, Enesi alifurahi. Alifurahi sana. Akamwangalia akiondoka uwanjani, mabega yameshuka, watu wakimzomea, mpaka hasira ikamwisha yote. Akakuta bado anampenda, na hilo nalo likamkera.

"Ayoub! Niulize tena."

Akageuka. "Nikuoe?"

"Nioe. Ila mbwa wangu hutamgusa tena maishani mwako."