Chenga Nyuma ya Bibi Harusi

Picha ya mia mbili na kumi na mbili ilikataa kusafishika.

Mhariri wa picha, ambaye studio nzima ilimwita Dodoki kwa namna alivyosugua picha chafu zikang'aa, alivuta kitufe cha kupunguza chenga, zile punje zinazoivuruga picha iliyopigwa gizani, kutoka ishirini hadi arobaini. Chenga zikatoka ukutani, zikatoka mezani, zikatoka kwenye shela la bibi harusi. Zikabaki mahali pamoja tu, nyuma ya bega lake la kushoto, rundo refu lenye kimo cha mtu. Akavuta hadi sitini. Ukuta ukawa laini kama uliopakwa rangi jana, na rundo likazidi kuwa jeusi.

"Programu imechoka kama mimi," alisema, akamalizia chai iliyopoa.

Hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Miaka tisa alikuwa amekaa katika chumba kile cha nyuma, kisicho na dirisha, chenye pazia jeusi mlangoni ili mwanga wa nje usimharibie rangi, na chenga alizijua kama anavyojua viatu vyake. Kamera ikilazimishwa kuona gizani, pale isipoona inabahatisha, na kazi yake yeye ni kuufuta ubahatishaji huo. Ila safari hii hazikuwa picha za mteja tu. Bibi harusi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Umeme ulikatika ukumbini maharusi wakiwa ndio kwanza wanaingia, flashi ya mpiga picha wa studio nayo ikafa palepale, na yule bwana, kwa kiburi chake, badala ya kuomba hata tochi akaupandisha usikivu wa kamera kwa mwanga hadi ukomo wake akapiga gizani picha mia tatu na arobaini.

"Dada, nisafishie vizuri," mdogo mtu alikuwa amemsihi. "Sina nyingine."

Basi Dodoki akafanya anavyofanya siku zote. Vipimo vya picha moja akavibandika kwenye picha zote kwa mpigo, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, akaiamuru izihifadhi juu ya zile zile za mwanzo. Kila anayefundisha kazi hii atakukanya usifanye hivyo, na kila mwenye kazi nyingi hufanya. Kisha akatoka kuongeza chai.

Aliporudi, chumba kilinuka udongo mbichi. Spika alizokuwa amezizima zilitoa mlio mwembamba, shhh, kama redio iliyopotea katikati ya stesheni. Akazipitisha picha harakaharaka. Katika ya kwanza, rundo lilikuwa mlangoni mwa ukumbi. Katika ya hamsini lilikuwa limefika kwenye viti. Katika ya mwisho lilikuwa na mkono, na mkono ule ulikuwa umeshika shavu la mdogo wake.

Simu ikaita. Namba ilikuwa ya shemeji, sauti ya mdogo wake.

"Dada, simu yangu haifunguki. Kidole hakisomeki."

"Nawa mikono, una mafuta wewe."

"Nimenawa mara nne. Dada, vidole vyangu havina mistari."

Nusu saa haikuisha, akawa ameshafika studio. Alikuwa mzuri kupita kiasi, na uzuri huo ndio uliomkata Dodoki maini. Lile kovu la kidevuni, alilolipata utotoni akimkimbilia dada yake ngazini, halikuwepo. Hakuwa na vinyweleo, hakuwa na hata kunyanzi moja alipokunja uso kulia. Dodoki alikwisha kuuona uso wa namna ile mara elfu, lakini kwenye kioo cha kompyuta. Ndivyo anavyokuwa mtu kitufe kikivutwa kupita kiasi. Chenga huondoka na ngozi yenyewe huondoka nazo, akabaki mdoli.

"Umenifanya nini?"

"Nimekusafisha," alisema Dodoki.

Alikimbilia chumba cha mbele. "Kaka! Kadi ya kamera ya harusi iko wapi?"

"Nimeifuta, kesho nina mahafali," alijibu mpiga picha. "Si ulishazihamisha zote kwenye mashine yako?"

Alizihamisha, kisha akazifuta kwa kuhifadhi zilizosafishwa juu yake. Giza lile la ukumbini halikuwa limebaki popote duniani. Akarudi mbio, akajaribu kurudisha chenga kwa kutumia programu, maana nayo ina njia yake ya kuzitengeneza. Alizimwaga juu ya picha kwa ukarimu wote. Nyuma yake mdogo wake akapiga ukelele mdogo. Unyusi wa kushoto ulikuwa umemtoka, nywele za unyusi huo zimelala kiganjani mwake.

Wakamwita shangazi.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, ndiye ambaye ukoo ulimwendea mambo yakishinda hospitali, na hakuwa na simile na mtu wala jini. Aliingia na mkoba wake, akavaa miwani, akamtazama bibi harusi, akatazama kioo cha kompyuta. "Shikamoo zenu wekeni," alisema kabla hawajafungua mdomo. "Nani kamkusanya huyu wa kwenye kioo?"

Hapo ndipo mlango ulipojifunga. Mpiga picha, aliyekuwa amewafuata ndani na kamera yake shingoni, alivuta kitasa, akavuta kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani akavuta tena huku akiita majina ya majirani mmoja mmoja, na sauti yake ikawa haitoki nje ila inazunguka humo ndani na kurudi imechakaa, na ule mlio wa spika ukapanda, na ile harufu ya udongo ikawa nzito hata wakaiona ladha yake ulimini, na kile chumba ambacho Dodoki alikijua kwa hatua nne huku na hatua tatu kule kikawa hatua tatu huku na mbili kule, kwa sababu pazia jeusi lilikuwa limesogea bila mtu kuligusa na sasa liliwagusa mabega.

"Tumekwisha," alinong'ona mpiga picha.

"Nyamaza wewe, ndiyo maana huna flashi." Shangazi akakigeukia kioo. "Haya, mwenyewe. Sema."

Sauti ikatoka spikani, kavu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. "Nilikuwa nimelala nimetawanyika, kidogo hapa, kidogo pale, katika giza la ukumbi ule. Wakaniingiza ndani ya kamera. Huyu akanisukumia pembeni mara mia tatu na arobaini hadi nikawa mmoja. Sasa nina kimo, sina sura. Nachukua sura."

"Umepewa chenga, mbona hukurudi kulala?"

"Zile ni za mashine. Zimepangwa. Mimi silali kwenye vitu vilivyopangwa. Nipeni giza la kweli lililopita ndani ya kamera ileile. Lenye mtu ndani. Hapo nitalala tena, na sura ya huyu nitairudisha."

Mdogo wake alijaribu kusema neno, na Dodoki akaona kwamba midomo yake imeanza kushikana pembeni. Aliyemfundisha mtoto huyu kutembea ni yeye, aliyemfunga shela ni yeye, na aliyemfuta ni yeye.

"Nitakaa mimi," alisema.

"Mwanangu, subiri tulizungumze," shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu hakusema atamwacha aliyekaa."

"Mtazame mdomo wake, Shangazi. Nisubiri nini?"

Wakaweka kiti mbele ya ukuta. Mpiga picha akaiunga kamera kwenye kompyuta kwa waya, akaipandisha tena hadi ukomo wake. Taa ikazimwa, kioo kikafunikwa kwa shuka. Katika giza lile Dodoki alihisi kitu kikija kukaa kando yake, polepole, kwa adabu, kama abiria anayeomba apishwe. Kamera ikalia mara moja.

Mlango ukafunguka wenyewe na hewa ikaingia.

"Kovu!" mdogo wake alilia, akijipapasa kidevu. "Nyusi zangu! Dada, washa taa unione!"

"Ninawasha," alisema Dodoki, akanyanyua mkono kuitafuta swichi, na mkono haukugusa kitu. Taa ikawashwa na mpiga picha. Kiti kilikuwa kitupu.

Dodoki aliwaona wote kutoka ndani ya picha, kwa mbali kidogo, kama mtu anayechungulia nje mvua ikinyesha. Alimwona shangazi akipiga magoti na kutafuta chini ya meza huku akimwita kwa jina la utotoni. Alimwona mpiga picha akiivua shuka kwenye kioo, kisha akirudi nyuma. Dodoki akapiga makonde mbele yake, akaita hadi koo likawaka, na huko nje kilichotoka ni shhh.

"Picha imeingia," alisema mpiga picha. "Lakini ni chenga tupu. Haonekani mtu."

Mdogo wake akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Machozi yalikuwa yakipita juu ya kovu lake. "Yumo. Naliona bega lake. Ngoja nimwone vizuri." Tangu akiwa msichana alikuwa akikaa nyuma ya kiti cha kompyuta hii, akimtazama dada yake akifanya kazi, na alijua ni kitufe gani kinachoondoa chenga.

"Usiguse!" Dodoki alipiga kelele. "Mdogo wangu, usiguse!"

"Kidogo tu, Dada," alisema mdogo wake kwa upole, akashika mausi.

Kitufe kikafika ishirini. Dodoki akahisi mistari ikimtoka vidoleni, na aliyekaa kando yake akashusha pumzi, akaanza kujikusanya. Huko nje mdogo wake akatabasamu, kwa maana sura aliyoipenda ilikuwa imeanza kutokeza, laini kweli, na akavuta tena.