Asiyesema Starehe

Asubuhi mtu yule hakuwapo. Mbeyu angeweza kuapa, kwa maana picha aliikagua vizuri Hamdan alipomaliza kutia programu mpya na kompyuta ikawaka: kilima cha majani mabichi, kijinjia cheupe kinachopanda mpaka juu, na mbingu. Basi. Miaka yote kioo cha mashine ile kilikuwa cha kijivu kitupu, na Mbeyu, ambaye alishinda mbele yake kutwa akipanga kadi za arusi, alifurahi kama aliyefunguliwa dirisha.

"Na hii picha umeitoa wapi?" alimuuliza Hamdan.

"Sikuitoa popote. Huja nayo yenyewe. Kila ikija programu mpya, na picha yake hubadilika. Baada ya mwaka au miwili italetwa nyengine, hii utaisahau."

Hamdan alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi. Duka lilikuwa la shangazi yake, Bi Afaf, mjane aliyekaa ghorofani juu ya duka hilohilo, Ndia Kuu. Mbeyu alikuwa mpiga chapa wake. Kila asubuhi alikuja kutoka Bondeni na mwanawe mchanga, Jefwa, mgongoni, akampeleka juu kwa Bi Afaf, kisha akashuka kuwasha mashine. Mtoto akilia, alipanda kumnyonyesha. Bi Afaf hakujaliwa kuzaa na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini mtoto yule alimjua kwa harufu, na ole wako umwambie kwamba amembeba sana. Baba yake Jefwa alikuwa dereva wa masafa, leo Malaba, kesho Kampala, na akirudi nyumbani hurudi kulala.

Mchana, jua likiwa la utosi, Ndia Kuu hufunga milango na watu huingia ndani kupumzika. Mbeyu alikula papo hapo mezani, chakula alichoteremshiwa na Bi Afaf. Siku hiyo ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alifunua sahani, akanawa, akainua macho, na kule juu kabisa ya kijinjia, mdogo wa kulingana na punje ya mtama, alimwona mtu amesimama anamtazama.

Sasa mtu wa pwani umlaumu vipi? Hawezi kutia tonge kinywani na huku mwenzake anamwangalia. Hata hasimu wake akipita mlangoni atamwambia karibu, na hasimu naye, kwa kuwa amelelewa, atajibu starehe, yaani kula kwa raha zako, mimi sitaki, kisha ataenda zake. Neno la kwanza linaalika, la pili linasamehe, na kila mtu anabaki na chakula chake. Mbeyu alizaliwa Kaloleni akakomaa Mombasa, na adabu hiyo ilimtoka mdomoni kabla hajaifikiria. Alicheka peke yake, akaiambia picha:

"Karibu."

Hakuna aliyesema starehe.

Alimaliza sahani nzima. Alipoinuka kwenda kuosha mkono alihisi tumbo jepesi, tumbo la mtu ambaye hajaonja kitu tangu jana. Alidhani ni kunyonyesha. Wanaonyonyesha huwa na njaa, kila mtu anajua.

Kisha ikaja harufu. Ndia Kuu ina harufu zake na wenyewe wanazijua: buni zinakaangwa, udi, mtaro, sambusa. Majani mabichi yaliyonyeshewa hayamo. Hakuna majani pale, ila yale ya kulishia mbuzi wa sikukuu ya Iddi. Lakini kila ilipofika saa ya chakula, duka lilinuka majani mabichi yaliyolowa, na Mbeyu alipotupa jicho kwenye kioo, mtu yule alikuwa ameshuka kidogo. Ilifika siku akaweza kuiona kanzu yake. Ilifika siku akaweza kuona kwamba mikono ameikunja kwa heshima, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kukaa. Uso tu ndio haukuonekana.

Na maziwa yakaanza kupungua.

Jefwa alinyonya, akaliachia ziwa, akalia, akalishika tena. Mwisho akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtia Mbeyu baridi. Kliniki muuguzi alimpima mtoto, akaitazama mizani, akamtazama mama.

"Mtoto anashuka. Wewe unakula?"

"Nakula sana, dada."

"Basi ongeza. Mama asipokula mtoto atapata wapi?"

Bi Afaf aliposikia hivyo alikasirika kana kwamba katukanwa yeye, na tangu siku hiyo akawa anapakua sahani ya watu wawili. Mbeyu akala za wawili, mifupa ya mabega ikazidi kutokeza. Mkono wa mtoto ukawa mwembamba hata uzi mweusi aliofungwa kumkinga na jicho baya ukawa unateleza mpaka kiganjani.

Hamdan alipopita kumtazama shangazi yake, Mbeyu alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mashine.

"Huyu mtu kwenye picha," alisema kwa sauti ya chini, "ni nani?"

"Mtu gani? Picha hii haina mtu." Hamdan aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu. "Kule Shimanzi mashine zote nimezitia sidii hiihii. Ni kilima na njia. Hakuna mtu."

"Mimi namwona. Na wewe wamwona."

Hamdan alivuta kiti, akaifuta picha, akaweka rangi ya buluu tupu. Kilima kikaondoka, na njia, na mbingu. Mtu akabaki, katikati ya buluu, mkubwa kuliko mwanzo. Hamdan akasema labda programu ina kasoro, akaiondoa yote, akairudisha ile ya zamani kwa disketi zake, moja baada ya moja, jasho likimtiririka. Kijivu kilipotokea, mtu alikuwa ameketi ndani yake, karibu kabisa, anaonekana kuanzia kifuani, kichwa amekiinamisha, na taya zake zinakwenda. Hamdan aling'oa waya ukutani. Aliondoka bila kuaga, kijana aliyelelewa na Bi Afaf mwenyewe.

Kioo kilichozimwa hakikumsaidia Mbeyu. Mchana uliofuata alikifunika kwa leso, akakipa mgongo, akaketi na sahani yake akiutazama mlango uliojaa jua, na hakuwa ametia hata tonge la kwanza pale harufu ya majani mabichi ilipomjia shingoni, kiti cha wateja kikakwaruza sakafu polepole mpaka ubavuni mwake bila ya mkono kukigusa, naye akataka kuinuka na magoti yakakataa, akataka kumwita Bi Afaf na sauti ikakataa, na huku anaangalia, upande wa pili wa sahani wali ukaanza kumegeka, kidogo, kwa ustaarabu, kama kwa vidole vitatu vya mlaji aliyefunzwa kula mbele yake tu bila kuvuka kwenda kwa mwenzake, tonge linafinyangwa, linainuka, linapotea, na sauti ya kutafuna ikawa karibu na sikio lake kiasi cha kwamba hakujua tena kama anayetafuna ni yule au ni yeye.

Juu, Jefwa alikuwa analia kwa kilio kidogo kama cha paka aliyefungiwa nje. Hicho ndicho kilichompa Mbeyu miguu.

Hakwenda mbali. Maalim Aidarus alikuwa na duka la udi na marashi Bondeni, nyumba ya tatu kutoka alipopanga Mbeyu. Ukimwita mganga alikufukuza. Yeye alijiita muuza manukato, na watu waliingia kununua ubani wakatoka wamesomewa. Alisikia kwa sikio moja tu, kwa hiyo ilibidi Mbeyu amwambie mambo yake ya siri kwa sauti ambayo hakuipenda.

"Ulimwambia karibu," alisema Maalim.

"Nilifanya mzaha."

"Yeye hajui mzaha. Umemwalika chakulani, na hakusema starehe. Sasa ni mgeni wako. Nikimsomea ataniuliza, nimekosa nini? Nimeitwa. Na mimi sina jibu la kumpa."

"Mwanangu atakufa, Maalim."

Mzee hakumwambia nyamaza. Alivaa viatu. "Mgeni wa chakula huondokaje?" aliuliza wakiwa njiani, akajijibu mwenyewe. "Hunawishwa. Ukishammiminia maji mkononi, chakula kimekwisha, hata angekuwa nani. Kisha ataomba ruhusa. Mpe. Na hapo uutunze mdomo wako, kwa maana kuna neno ambalo sote humwambia mgeni anapotoka mlangoni. La kumtaka arudi. Usiliseme."

Mbeyu alilijua. Karibu tena. Hajawahi maishani mwake kumtoa mtu nyumbani bila ya kumwambia karibu tena.

Bi Afaf alikuwa juu na mtoto, akimwimbia. Walimwambia tu kwamba Maalim amekuja kusoma, akateremsha birika na bakuli la kunawia bila kuuliza, kisha akarudi kwa Jefwa. Hakuna aliyefikiria kumweleza zaidi.

Maalim alifukiza ubani, akasimama pembeni, akasoma kwa sauti ya chini. Mbeyu alipakua sahani, akaondoa leso kwenye kioo. Waya ulikuwa sakafuni na bado kioo kilikuwa na mwanga wa kijivu, na kiti kikakwaruza, na majani mabichi yakanuka mpaka ubani ukashindwa. Wali ulimegeka ukaisha. Ndipo Mbeyu akasimama upande wa kile kiti, akaliweka bakuli chini, akamimina. Maji yalitoka kwenye mdomo wa birika yakakatika hewani. Hayakufika kwenye bakuli. Yaligeuka, yakazunguka kitu, yakasugua kitu, yakakaa hapo muda ambao Mbeyu aliuhisi mrefu kuliko uchungu wa kuzaa, na mwisho yakaanguka kwenye bakuli, yamechafuka udongo, na juu yake kukaelea punje za wali na jani moja bichi.

"Nimeshiba," ilisema sauti. Ilikuwa laini, ya mtu aliyelelewa. "Naomba ruhusa."

"Ruhusa," alisema Mbeyu, na akauziba mdomo wake kwa viganja viwili, kwa sababu lile neno jengine lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nyayo zilitoka. Zilifika mguu wa ngazi, zikasita hapo kidogo, pakasikika mnong'ono ambao hawakuweza kuushika, kisha mlango wa barabarani ukajifungua kwenye jua na kujifunga. Maalim aliligeuza sikio lake zima, akasikiliza.

"Katoka," alisema, na akaomba chai.

Usiku huo maziwa yalirudi mpaka yakalowesha kanga. Mbeyu alilia kwa furaha na hakujificha. Jefwa alinenepa, uzi ukambana mkononi ukakatwa, akatambaa, akasimama, akajua kusema na kujibu. Katika duka lile hakuna aliyekula tena mbele ya mashine.

Mwaka wa tisini na nane Hamdan akaja na sidii nyengine. Mbeyu alimkatalia wiki nzima, lakini wateja walikuwa wanaleta kazi zao katika disketi ambazo mashine ya zamani haikuweza kuzisoma. Basi ikawekwa, asubuhi, milango yote ikiwa wazi, na Mbeyu amesimama nyuma ya Hamdan na vidole mdomoni. Picha mpya ilikuwa ya mawingu. Mawingu tu, kutoka pembe mpaka pembe. Waliikagua yote, kipande kwa kipande. Hapakuwa na kilima, wala njia, wala mahali ambapo mtu angeweza kuweka mguu.

"Umeona?" alisema Hamdan, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza juu ya jambo lile.

Mbeyu alifanya kazi mpaka mchana akiwa na moyo mweupe. Duka lilipofungwa alimsikia Bi Afaf akishuka ngazi, taratibu, kwa kupapasa ukuta, na sahani tupu mkononi.

"Wali niliokuteremshia umebaki?" aliuliza Bi Afaf. "Mgeni nimempa wote, na naona hajashiba."

"Mgeni gani, Bi Afaf?"

"Si yule kijana aliyekuja na Maalim zamani, siku ile ya kusoma. Hukumbuki? Alisimama hapa chini ya ngazi akaniaga, kwa adabu, watoto wa yeo hawana adabu ile. Nami nikamwambia, karibu tena, baba, nyumba ni yako." Alitabasamu kwa macho yake ya ukungu. "Basi yeo karudi. Sikumuona uso, lakini sauti naijua. Nimemuweka na Jefwa, wanakula sinia moja."

Mbeyu alipanda ngazi bila kuzihisi. Harufu ilimkuta katikati, majani mabichi yaliyonyeshewa.

Sinia lilikuwa jeupe, halina hata punje. Jefwa alikuwa ameketi peke yake upande mmoja, amekunja miguu kama alivyofunzwa, mkono wake mdogo umejaa mafuta. Alimwinulia mama yake uso.

"Mama," alisema, "nimekula yote. Nina njaa."