Saa ya Ng'ambo

"Kereng'ende ametua Bwera," ilisema sauti ya Afande Mugisha kwenye kifaa cha sikioni. "Amevuka mpaka asubuhi hii. Anajifanya mpiga picha za wadudu."

Musoki alikuwa amelala kifudifudi kando ya mto Lhubiriha, jicho kwenye kamera yake ya Nikon, bastola ya Glock ikimchoma mbavu chini ya shati.

"Wapiga picha tuko wanne hapa, afande. Ni yupi?"

"Hatujui. Bomu liko tayari sokoni. Swichi imefichwa ndani ya lenzi yake. Atabonyeza saa nne."

"Watoeni watu."

"Akiona watu wanakimbia, atabonyeza papo hapo. Tafuta lenzi kwanza. Na usipige simu kwa mtu yeyote. Hata mama yako. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

Saa tatu na dakika arobaini na moja. Soko lilikuwa hatua mia tatu tu kutoka mtoni, na mama yake, Yudesi, alikuwa humo akiuza unga wa muhogo.

Musoki alingoja hofu ije. Wapi! Tangu wamzike Tsongo, mwenzake wa kazi, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alijua kwamba mama yake angekufa baada ya dakika kumi na tisa. Alijua kama mtu anavyojua bei ya sukari.

Alisimama, akajipangusa magoti.

Wenzake watatu alikuwa amekutana nao leo kwa mara ya kwanza, kupitia kundi la WhatsApp la wapenda vipepeo. Wote walidai wametoka Kampala juzi na kulala Mweya, upande huu wa mpaka. Haya basi, mmoja alikuwa mwongo.

Lakini hakuna mpenda vipepeo anayekataa kuonyesha picha. Ni ugonjwa wao.

"Nione ulichopata," alimwambia Nobert, mwalimu mwenye miwani.

"Tazama huyu, sista! Imekataa kabisa kutulia, shenzi kabisa!"

Kipepeo wa manjano, ukungu mtupu. Pembeni mwa picha, saa: 09:43.

Akahamia kwa Sylivia, nesi. Kereng'ende wa buluu. 09:45.

Wa tatu alikuwa Aloysius, mnene, mcheshi, lenzi ya pili ikining'inia kiunoni. Aligeuza Canon yake kwa fahari.

"Nimempiga sasa hivi, dada. Sema ukweli, si mzuri?"

Alikuwa mzuri, loo! Kereng'ende mwekundu juu ya tete, kila mshipa wa bawa ukionekana.

08:47.

Ng'ambo ya mto ni Kongo, na Kongo saa ziko nyuma kwa saa moja. Watu wa Bwera hugombana kwa ajili hiyo kila siku ya soko: saa ya kwenu ao ya kwetu?

"Mzuri sana," alisema Musoki. "Ila kamera yako bado iko ng'ambo, Kasindi."

Tabasamu lilimfutika Aloysius. Mkono wake ukaruka kiunoni.

Kitako cha Glock kilitangulia. Kifundo cha mkono kililia ko! Lenzi ikaanguka kwenye nyasi, na Musoki akainyakua kabla haijabingirika.

"Chini! Lala chini! Upesi!"

Alimfunga pingu, goti mgongoni. Sylivia alikuwa akipiga mayowe.

"Afande, lenzi ninayo. Toeni watu."

"Safi. Tunawatoa."

"Ni saa tu," Aloysius alinong'ona matopeni, na Kiswahili cha Kampala kikamwishia mdomoni, kikabaki cha Kongo. "Minasahau tu saa. Mutu anaweza kusahau saa."



Saa nne na robo, vijana wa kutegua mabomu walipomaliza, Musoki alimpigia mama yake simu.

"Musoki! Maaskari wametufukuza kama mbuzi! Unga yangu yote imemwagika!" Yudesi alikuwa akihema. "Wanasema bomu ilikuwa ndani ya gunia ya mchele. Ile gunia, mwanangu, mimi niliikalia. Tangu asubuhi nimeikalia, nikisema mwenye gunia atarudi."

 

"Pole, mama."

"Pole tu? Wewe mtoto, unanisikia kweli?"

"Nakusikia, mama."

Alikata simu, akajigusa shavu. Lilikuwa kavu. Akapachika kamera begani, akalipa soko kisogo, akashika barabara ya Kasese bila haraka.