Macho ya Julienne

Kompyuta ya stoo ndiyo iliyoanza kunuka tangawizi. Evariste, fundi wa kompyuta zote za shirika la wakulima pale Kabambare, aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Kesho yake, mchana kweupe, ikanuka ya mapokezi, halafu ya mkurugenzi. Hapo akaitambua harufu. Aliyetafuna tangawizi ofisini alikuwa karani Julienne peke yake, na Julienne walikuwa wameshamzika.

Wafadhili walileta kompyuta zilizochakaa, na vipuri havikupatikana hata Kasongo. Kwa hiyo Evariste alikuwa ameifumua ya marehemu kabla matanga hayajaondolewa, wakati ambapo hata kikombe chake hakiguswi. Memori akaitia stoo, feni mapokezi, diski kwa mkurugenzi. Kazi ni kazi, alijiambia, na aibu akaimeza.

Siku ya mvua umeme wa jua ulikatika, wenzake wakaenda kula, naye akiwa peke yake akasikia feni ya stoo ikianza kuzunguka bila umeme, kisha ya mapokezi, kisha ya mkurugenzi, zikihema kwa kukwama kama Julienne alivyohema siku zake za mwisho, mpaka akaegemea ukuta akilia na kuomba msamaha.

Wenzake waliporudi na kumkuta hivyo, wakamwita Maalimu Moustapha, mtoa majini. Alifukiza ubani, akamvuta Evariste pembeni.

“Ulimukata vipande kilio haiyaisha,” alinong'ona. “Jini iliingia pale ulifungua. Rudisha vyote kwa mama yake.”

Mama Marguerite, mzazi wa Julienne, alivipokea mkekani, mbele ya waombolezaji.

“Ni yote, baba?”

“Ni yote, mama.”

Alidanganya. Skrini ya Julienne ilikuwa nyumbani kwake, binti yake Sarah-Grâce akiitumia kusomea. Atasemaje mbele za watu kwamba ameiba kwa ajili ya mtoto wake?

Ofisi ikatulia. Jioni alimkuta Sarah-Grâce mbele ya skrini isiyo na waya, akiongea Kibangubangu, lugha ya kina Julienne, ambayo kwao, watu waliotoka Butembo, hakuna aijuaye.

“Baba,” alisema bila kugeuka, “mama huyu amepata mikono na miguu yake. Anauliza macho yake iko wapi. Anasema ulisema ni yote, basi atakamata yangu.”

Evariste aliikumbatia skrini atoke nayo mbio. Jua lilikuwa bado limejaa chumbani.

“Baba,” mtoto akaita nyuma yake, akipapasa ukuta, “juu ya nini umezima mwangaza?”