Picha Isiyokuwa na Mwenyewe

Jumapili hiyo, baada ya ibada, tulikwenda kwenye banda la kukaushia pareto kwa sababu Mwalimu Micah alikuwa ametangaza kwamba kutakuwa na picha. Ni mwaka huu wa 1957, hapa Molo. Mzungu mmoja mzee aliyerudi kwao alimwachia picha za vioo alizopiga shambani zamani, na Mwalimu alitaka wazee watutajie waliomo kabla hawajasahaulika. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Akawasha karabai ndani ya mashine ya kuonyeshea picha, na shuka lililotundikwa ukutani likajaa watu.

Mwanzoni tulicheka. Aliyemtambua mtu wake alisimama akasema, "Huyo ni wetu," kisha akataja jina.

"Hata wakati huo hakuwa na viatu," mtu mmoja akasema nyuma.

"Wewe vyako ulivinunua lini?"

Nilikaa pembeni, mtoto wangu wa miezi mitatu kifuani. Alikuwa hanyonyi vizuri. Alikonda mpaka nikaona haya kumfunua mbele za watu. Kando yangu aliketi mama mkwe wangu, aitwaye Mama Kosgei kwa jina la mume wangu, na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama humwitia majina ya wazee waliokufa, moja moja. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Mzee huyo amerudi. Wangu aliitiwa mengi, akanyamaza. Walipofika kwa Chelagat, shangazi aliyesifiwa sana, Mama Kosgei akamgusa puani kwa kidole chenye ugoro. Akapiga chafya. Wote wakafurahi.

Picha nyingine ikaingia. Mwanamke mzee, peke yake, mbele ya nyumba. Alitutazama kama mtu aliyeuliza jambo akakosa jibu. Hakuna aliyesimama. Wazee waliangalia miguu yao.

Mtoto wangu akapiga chafya.

Banda zima likageuka kutuangalia. Nikamfunika mtoto uso.

"Ni vumbi la pareto," Mama Kosgei akasema.

Mwalimu akakitoa kioo haraka. Tulikiona mkononi mwake. Picha ikabaki ukutani.

Akazima karabai. Ikabaki.

Sasa mwanamke yule alikuwa ameinua mkono, kama anayebisha hodi.

Titi likamtoka mtoto mdomoni. Miguu yake ilikuwa baridi.

"Mama," nikanong'ona, "huyu ni nani?"

"Nyamaza."

"Mtoto hapumui vizuri. Ni nani?"

Alivuta kitambaa mpaka machoni. "Ni mama wa mume wangu. Walisema ana jicho baya. Nikafunga mlango. Alibisha usiku kucha, na mvua inanyesha. Asubuhi tukaona fisi wamepita, yeye hayupo."

"Jina lake."

"Utatuaibisha."

"Jina, Mama."

"Chepchirchir."

Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu. Nilisimama.

"Huyo ni wetu," nikasema. "Anaitwa Chepchirchir. Na huyu mtoto pia."

Shuka likawa giza. Mtoto akalia, akatafuta titi, akanyonya kwa nguvu mpaka nikaumia. Tulipotoka, hakuna aliyetuaga.

Sasa mtoto amenenepa. Kisimani wanawake hunyamaza nikifika, nami huteka maji nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama Kosgei haendi tena kanisani. Nikimwita mtoto kwa jina lake, mama mkwe huangalia pembeni. Mtoto humtazama tu, bila kupepesa.

Juzi asubuhi Mama Kosgei aliniita kwake, kwa sauti ya chini.

"Njoo uone. Usimwambie Kosgei."

Mlango wake ulikuwa umekwaruzwa upande wa nje, alama za kucha, nyembamba na mbichi. Zote ziko chini, kimo cha mtoto anayetambaa.

Wangu bado hajajua kukaa.