Mito Minne Kwenye Kitanda Kimoja

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tena, na watu wamesongamana mlangoni kama kuna kitu kinagawiwa bure. Mmoja wao, fundi cherehani, gauni la kujishonea mwenyewe limemkaa hadi wazee wakasahau magonjwa yao, alikuwa ameegemea ukuta akihema. Fundi wa lifti akachomoza kichwa shimoni, grisi hadi puani.

"Mrembo, ghorofa mbili tu! Panda ngazi, au unaogopa kuvunja kisigino?"

"Kitakachovunjika ni pua yako. Tengeneza lifti."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Asubuhi simu, jioni simu.

"Umeamkaje, sukari yangu?"

"Salama, mzee wa grisi."

Bwana akanogewa, akaanza kuwapa majina watoto ambao hawajatungwa: watatu, na mmoja wa akiba. Kila akiwataja, mpenzi wake alibadili mazungumzo.

Jumamosi moja bwana alikwenda kumtengenezea kitasa cha chumbani. Akaona kitanda cha mtu mmoja, kina mito minne. Kabla hajameza mate, simu ya mwenyeji ikalia. Mikono imejaa kitambaa, akaipokea kwa spika.

"Dada, jana umelalia mito mingapi?" Sauti nzito ya kiume.

"Minne, kaka."

"Wiki iliyopita si ilikuwa mitatu?"

Fundi wa lifti akasimama. "Nani huyo anayekagua kitanda chako?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa mwanamke, lakini kulitoa ni kuwazika wale watoto watatu na wa akiba. Akainamia kitambaa chake. Bwana akaondoka mbio, mfuko wa vifaa kausahau.

Usiku ule na kila usiku uliofuata, mwanamke alilala ameketi. Viatu vikakataa miguu iliyovimba. Mama yake, aliyekuwa akimlelea bintiye, akamshikisha simu kwa nguvu. "Mwambie, mwanangu. Akikimbia, akimbie akijua."

Akampigia bwana. "Yule ni mtafiti. Nilipomzaa binti yangu, moyo ulitanuka, ukashindwa kusukuma damu. Nikilala chali, maji yananijaa mapafuni; hali ikizidi, naongeza mito. Wanatuchunguza wanawake tuliopatwa hivi, wajue kwa nini. Wameniambia nikibeba mimba nyingine naweza kufa. Watoto wako katafute kwingine."

"Na mimi nilikuambia upande ngazi," akasema bwana.

Jioni akabisha hodi. "Nimefuata mfuko wangu." Mwongo mkubwa; kwapani ana mto mpya.

"Unataka nini kwa mwenye moyo mbovu?"

"Vibovu ndivyo vinavyonilisha. Nikuoe."

"Na usipotengenezeka?"

"Nitakaa nawe hapo ulipokwama. Binti yako ananitosha, kama atanikubali na grisi yangu."

Mwanamke akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, bwana akamwegemeza begani pake hadi pumzi ikarudi. Wakasinzia hivyo hivyo, wameegemea ukuta.

Mtafiti alipopiga akauliza, "Mito mingapi, dada?"

"Mitatu na bega."

"Bega halimo kwenye maswali yetu."

"Liongezeni," akasema. "Miguu bado imevimba. Lakini bega liongezeni."