Joto Chini ya Miguu ya Mama

Mama mkwe alikuwa na daktari wake: lundo la maranda ya mbao nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alivua kandambili, akaketi, akazamisha miguu humo. Maranda yalikuwa na joto, na magoti yake yakaacha kuuma. "Dawa ya bure hii," alisema. Basi mwanawe, seremala, akazidi kuyamwaga pale pale, kando ya ukuta wa chumba cha mama yake.

Mke wa seremala alikuwa mwokaji mikate. Yeye ndiye aliyempelekea mkwewe kiti. Hakujiuliza joto lile linatoka wapi. Dawa ikifaa, nani ana haja ya kuuliza?

Siku moja akaja wifi yake, dada wa seremala, na mfuko wa zana. Alikuwa fundi umeme, na alikuwa ameitwa kuunganisha oveni ya pili ya mikate.

"Wifi, leo umekumbuka njia?" mwokaji akamtania.

"Nimefuata mikate, sikukufuata wewe." Kisha fundi akamwona mama yake. "Mama, mbona umezika miguu?"

"Njoo uonje joto, mwanangu."

Fundi akapeleka kiganja. Uso ukambadilika. "Inuka, mama. Sasa hivi!"

Akamketisha mbali, akakimbia kuzima swichi kuu. Alipohakikisha umeme umekatika, akafukua polepole. Chini ya maranda udongo ulikuwa mkavu kama unga. Chini yake ulipita waya wa kwenda karakana ya seremala na kwenye oveni. Ganda lake lilikuwa limelainika, na mahali pamoja limepasuka.

"Waya huu uliwekewa taa na msumeno mmoja," fundi akasema. "Leo unabeba misumeno miwili na oveni. Waya ukibebeshwa kupita uwezo wake, unapata joto. Udongo hulipokea joto hilo na kulitawanya. Nyinyi mmeufunika blanketi la maranda. Joto litokee wapi?"

"Lakini swichi haikukata umeme," akasema seremala, aliyekuwa ametoka karakana. "Ile ya zamani ilikatakata ovyo, nikaweka kubwa zaidi."

"Loo, kaka! Ilikuwa inakuonya, nawe ukaiziba mdomo."

Seremala akautazama ukuta wa chumba cha mama yake. Maranda yangeshika moto, ungeanzia hapo. Mwokaji akaangua kilio. "Ningemuua mama wa watu! Kiti nilimpelekea mimi mwenyewe."

Oveni ya pili ikangoja. Fundi alijumlisha mzigo wa mashine zote, akaleta waya mnene na swichi inayolingana nao. Waliulaza kwenye mtaro, wakauzungushia mchanga laini usio na mawe, wakafukia.

"Juu ya hapa, msirundike kitu tena," fundi akaagiza. "Na kabla ya kuongeza mashine, niiteni."

Wiki iliyofuata oveni mbili ziliwaka huku misumeno ikilia. Mama mkwe akaweka kiti pale pale, akakanyaga chini.

"Baridi tupu!" akanung'unika. "Mmemfukuza daktari wangu."

Mwokaji akamletea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, akamwekea magotini. Kisha akainama na kugusa ardhi kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya sasa kila asubuhi. Kweli, ilikuwa baridi.

"Nung'unika tu, mama," akasema. "Nung'unika hata miaka mia."